Jumamosi za Mwanya na Wivu wa Baba

Wenzangu mliokulia Kariakoo wakati nyumba bado zina uani, na uani kuna bomba moja la kugombania, mtanielewa nikisema nina wivu. Si wivu wa gari la mtu wala kiwanja cha Kigamboni. Namwonea wivu mama yangu mzazi, bibi mzima mwenye wajukuu, kwa jambo lililomtokea mimi nikiwa darasa la nne, sebuleni kwa jirani, mbele ya televisheni isiyokuwa yetu. Nimejaribu kuuficha huu wivu lakini umegoma kufichika, kwa hiyo acha niuanike.

Enzi zetu televisheni ndiyo kwanza inaingia mjini. Mtaani kwetu, Mtaa wa Mafia, ilikuwepo kwa Mama Manka tu. Mumewe alikuwa na duka la jumla la sabuni na mafuta ya kupikia, watu wa Kilimanjaro, watu wa kanisani, na sisi watu wa Lindi, watu wa msikitini, tulipakana nao ukuta kwa ukuta. Krismasi walituletea kuku mzima mzima, Idi tuliwapelekea pilau, na mwaka mzima uliobaki tuligombania foleni ya bomba kwa amani. Ile televisheni yao ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, na ilifunikwa vizuri kuliko mtoto mchanga wa nyumba hiyo. Ukiona kitambaa kimeondolewa, ujue ni Jumamosi jioni.

Masharti ya kuingia yalikuwa mawili: uwe umenawa miguu, na usiongee wakati wa nyimbo. Manka, binti yao, alisimama mlangoni kukagua nyayo zetu. Siku nyingine za wiki huyo Manka alikuwa mtoto mwenzangu, tukicheza naye rede na kombolela, nikimpiga na mpira mgongoni akalia. Jumamosi aligeuka mkuu wa mkoa. Alimpangia kila mtu pa kukaa kwenye mkeka, na aliyekuwa amemuudhi Jumanne alijikuta nyuma kabisa, anatazama visogo. Nilimwonea wivu mpaka nikamwambia Mwenyezi Mungu kwenye dua kwamba sina shida na baiskeli tena, anipe TV, hata ndogo.

Tukishakaa, zilipita bisi kwenye ungo, na mihogo ya kukaanga iliyokatwa katikati ikatiwa chumvi na pilipili. Mihogo hiyo ililetwa na mama zetu, maana huwezi kwenda kutazama kwa watu mikono mitupu. Picha ikileta chenga, mmoja wetu alikimbizwa nje kuuzungusha mti wa antena, na sebule nzima ikawa inamwelekeza kupitia dirishani: zungusha, rudisha, hapohapo, umeharibu. Umeme ulipotishia kukatika, taa ikafifia, wa msikitini na wa kanisani tuliomba kwa pamoja, kila mtu kwa lugha ya dini yake, na mara nyingi tulisikilizwa.

Kipindi chenyewe kiliitwa Vinanda na Vicheko. Kulikuwa na bendi iliyovaa mashati ya namna moja, wachezaji wanne waliozungusha viuno kwa adabu, na mchekeshaji mnene aliyeingia kila mara akiwa amevaa kiatu kimoja. Vijana wa sasa ukiwaonyesha watasema picha ni mbaya na nyimbo ni ndefu. Ni kweli nyimbo zilikuwa ndefu. Mpiga gitaa alipewa nafasi yake akamaliza alilokuwa nalo moyoni, na sisi tulimsubiri amalize, kwa sababu hatukuwa na pa kumsukumia.

Na kulikuwa na Mwanya. Jina lake halisi silikumbuki, na sidhani kama pale mtaani kulikuwa na aliyelitumia. Ndiye aliyekuwa akiongoza kipindi na kuimba wimbo wa mwisho. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, na akitabasamu, katikati ya meno ya juu kunatokea mwanya, ule mwanya ambao mama zetu walisema Mungu akikupa hahitaji kukupa kingine. Alifungua kipindi kwa kuinamisha kichwa na kusema, "Shikamooni mama zangu." Basi sebule nzima ya wanawake, wenye umri wa kuwa mama zake na wasio nao, iliitikia kwa pamoja, "Marahabaaa." Waliitikia kila wiki. Mama Manka, aliyekuwa na elimu yake na aliyejua fika kuwa kioo hakisikii, naye aliitikia. Alisema salamu haiachwi ikining'inia.

Sasa mumjue mama yangu. Siku za kawaida alikuwa Mama Zuhura wa khanga mbili zilizopauka, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye mwiko. Jumamosi, mara tu baada ya alasiri, alikuwa ameshapika chakula cha usiku, amekifunika kawa, na ameingia bafuni na ndoo ya maji ya moto. Akitoka hapo alijifukiza udi, akapaka wanja, akafungua sanduku akatoa doti mpya iliyokuwa bado na ugumu wa dukani, akajipitishia marashi ya waridi shingoni na kwenye viganja. Ukiwa mtoto unasimama mlangoni unamtazama, unajiuliza huyu mwanamke mzuri ametoka wapi. Halafu mwanamke huyo mzuri anatembea hatua chache tu, kutoka mlango wetu hadi mlango wa jirani, kwenda kukaa kwenye mkeka.

Baba aliyaona yote hayo. Alikuwa akiuza viatu vya mitumba Mchikichini, na jioni alirudi na gunia la vile vilivyochoka, akakaa barazani kuvishona na kuvipiga rangi ili Jumatatu vionekane vimetoka kiwandani. Alikuwa mfupi, mpole, meno yake yamebanana vizuri bila nafasi ya kupitisha hata uzi. Siku sita za wiki alikuwa na mzaha na kila mpita njia. Jumamosi udi ulipoanza kunukia, alinyamaza. Akachukua kiatu, akakipiga brashi, akakipiga tena, kiatu kilekile, mpaka ukakionea huruma.

Mara moja moja alirusha neno bila kuinua macho. "Mtu wa ndani ya kioo hana mkono wa kukuletea hata robo ya sukari," alisema siku moja, akiwa anaongea na soli. Mama, akijifunga ushungi, alimjibu kwa utulivu kwamba macho hayana pazia, na akatoka. Mimi na wadogo zangu tulitoka nyuma yake upesi kabla upepo haujageuka.

Baba mwenyewe hakuwahi kuingia kutazama, alisema ana kazi. Lakini kipindi kilipoanza, ungemwona anapita mbele ya dirisha la Mama Manka kwenda dukani kununua kiberiti. Baada ya wimbo mmoja anarudi. Baada ya mwingine anakwenda tena. Nyumba yetu ilikuwa na viberiti vya kuweza kufungua duka. Wanawake walimwona, wakakonyezana, na Mama Manka alimwambia mama chinichini kwamba mwenye mali anakagua mpaka wake. Mama alitazama mbele, kwenye kioo, hakucheka. Ila mimi nilikaa karibu naye, na nilimsikia bega lake likitikisika.

Basi wiki ikaja mambo yakaharibika. Mama alinunua doti nyingine, na mbaya zaidi akaenda kusukwa nywele siku ya Ijumaa, mtindo wa siku za harusi. Baba alipoona zile nywele alitangaza kuwa Jumamosi hiyo hakuna mtu wa nyumba yake atakayekwenda kwa jirani, wala mama mtu wala watoto. Hakupandisha sauti. Aliongezea tu kwamba anayetaka muziki, redio ipo.

Sijui kama kuna msiba wa mtoto unaozidi huo. Tulikaa uani tunasikia kupitia ukuta wenzetu wanacheka, mchekeshaji ameingia na kiatu chake kimoja, hatumwoni. Tukasikia "Marahabaaa," na mdogo wangu akalia. Baba aliwasha redio, ikawa inatoa taarifa ya bei za mazao. Mama alikaa kwenye kigoda akiwa amevaa na kunukia vilevile, nywele zake za harusi, anachambua mchele ambao kesho yake hakuupika.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kununiana. Mama alipika, akaandaa, akakaribisha kwa adabu zote, akaenda kukaa kwingine. Baba akiuliza, anajibiwa. Asipouliza, kimya. Nadhani baba alizoea ugomvi wa maneno, huo wa adabu ulimshinda. Alikonda. Nakumbuka niliogopa kweli, kwa sababu nyumba ya tatu kutoka kwetu baba na mama walianza hivyohivyo na watoto wakapelekwa kwa bibi zao, huyu Tanga, yule Kilwa. Usiku nilihesabu nani kati yetu angepelekwa wapi.

Ndipo siku moja, nikiwa nafanya hesabu za shule barazani, baba akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokihitaji, zile salamu kwenye kipindi chenu zinasomwa saa ngapi. Maana Vinanda na Vicheko, kabla ya wimbo wa mwisho, ilikuwa na zamu ya salamu. Ulinunua kadi kwenye kibanda cha magazeti, ukajaza jina lako, unayemsalimia, na ujumbe, ukaituma kituoni kwa posta. Watu wetu walipenda salamu. Kulikuwa na mtu mmoja Gerezani aliyesalimia kila wiki, mpaka tulipomkosa tulidhani amefariki. Nikamwambia baba zinasomwa karibu na mwisho. Akasema ahaa. Akaniuliza anayezisoma ni nani. Nikamwambia, kwa kuogopa kidogo, ni Mwanya. Akatikisa kichwa taratibu, akaazima kalamu yangu.

Jumamosi iliyofuata mama hakuondoka kigodani. Baba akatuuliza mbona hatuendi, tutachelewa. Mama alimtazama kama anayetazama noti iliyochanika. Wiki iliyofuata akauliza tena, hivyohivyo. Wiki ya baada ya hapo aliuliza mapema kabisa, akaongeza kwamba chakula kama kipo atajipakulia, na mama, mwenye subira yake, akanyanyuka na kuingia bafuni. Sisi tulikuwa tumeshanawa miguu. Baba hakwenda kununua kiberiti jioni ile wala jioni za Jumamosi zilizofuata. Alikaa barazani na viatu vyake. Mama, cha ajabu, alianza kugeuka na kutazama dirishani kila mara. Hakuna aliyepita.

Siku yenyewe ilipofika hatukuijua. Mwanya alikaa kwenye kile kiti chake kirefu, kadi mkononi, akasoma za watu wa Temeke na Magomeni, akasoma za yule mtu wa Gerezani. Kisha akachukua nyingine.

"Salamu hizi zinatoka kwa Hamisi, muuza viatu wa Mchikichini. Zimfikie mkewe, Mama Zuhura wa Mtaa wa Mafia, Kariakoo." Mama Manka alimshika mama mkono. Mwanya akaendelea, na ule mwanya wake wote nje. "Ujumbe: Mke wangu, huyu anayekusomea ni mpita njia. Mwenye nyumba nipo barazani, nakungoja."

Alikuwa ameshaisoma mpaka mwisho ndipo akaelewa alichokisoma. Akaitazama kadi upya. Mpiga ngoma nyuma yake alishaanza kuangua kicheko. Mwanya akainamisha kichwa kama anavyofanya kwenye shikamoo zake, akasema, "Mama Zuhura, mimi napita."

Wenzangu, mtaa uliruka. Vigelegele vilitoka sebuleni mle vikaenda mpaka mtaa wa pili, wanaume waliokuwa wakicheza bao wakaja mbio kuuliza nani ameolewa. Ungo wa bisi ulipinduka, Manka hakukagua miguu ya mtu tena. Baba yangu, mtu asiyejua hata kituo cha televisheni kiko upande gani wa mji, alikuwa amemchukua mgoni wake, akamkalisha mbele ya nchi nzima, na kumtuma ujumbe kama mtoto wa dukani.

Mama alijifunika uso wote kwa khanga. Kisha akanyanyuka na kutoka, wimbo wa mwisho haujaanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sisi tulimfuata hadi mlangoni, tukajibana hapo. Baba alikuwa pale barazani ameshika kiatu, brashi inakwenda, macho chini, masikio yamemsimama. Vigelegele alikuwa amevisikia. Mama alikaa kwenye gunia la viatu pembeni yake.

"Kipindi kimeisha?" baba akauliza.

"Bado," mama akasema, akachukua kiatu cha pili cha jozi ile, akaanza kukifuta vumbi kwa ncha ya doti mpya.

Hilo ndilo ninalomwonea wivu mama. Nilikuwa na miaka kumi na nikajua palepale kwamba nikikua nataka mume wa kununua viberiti.

Baadaye kila nyumba ikapata televisheni yake, watu wakafunga milango. Kipindi kikafa, sikumbuki lini, hakuna aliyekiaga. Mwanya naye akapotea, labda ni mzee wa mtu mahali fulani, anagombana na wajukuu. Nyumba zetu zilibomolewa, ya Mama Manka na ya kwetu, na pale ilipokuwa sebule sasa kuna ghorofa la mikoba kutoka China, ukipita wauzaji wanakuvuta mkono. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama anakaa Ilala na mdogo wangu wa mwisho.

Wanangu nao wana waimbaji wao. Wanawatazama kwenye simu, kila mmoja na yake, kila mmoja na visikilizio vyake masikioni, sebule moja kama watu wanaosubiri daktari. Mwimbaji akiwachosha kabla hajafika kwenye kiitikio, wanamsukuma juu kwa kidole gumba, anakuja mwingine. Binti yangu mkubwa ana mchumba anayemtumia mioyo myekundu, mingi, asubuhi na jioni. Nilimuuliza siku moja, huyo kijana akikuona unamtazama msanii anafanyaje? Akashangaa. Akasema, "Mama, anafanyaje vipi? Si ana-like."

Na mume wangu, Baba Nasri, si mtu mbaya, andikeni hilo. Hanitukani, ada analipa, ndugu zangu anawapokea. Ila tangu tuoane sijawahi kumwona amekipiga brashi kiatu kimoja mara mbili kwa ajili yangu. Naweza kutaja jina la mwanamume yeyote mezani, akaniambia nimsogezee chumvi.

Jumamosi iliyopita niliingia bafuni baada ya alasiri. Nikajifukiza, nikapaka wanja, nikavaa doti mpya, nikajitia marashi ya waridi ambayo niliyatafuta maduka mengi sana, maana siku hizi wanauza ya kupuliza tu. Nikapita sebuleni polepole. Nikasimama mlangoni, nikajifanya nafunga viatu, nikasema natoka. Sikusema naenda wapi, nilimwachia nafasi aulize. Baba Nasri hakuinua macho kwenye simu. Akasema, "Sawa. Ukirudi pitia vitunguu."

Sikuwa na pa kwenda, nikaenda kwa mama. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya mlango, anapunga upepo. Alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu, akanusa, akacheka, akasema leo kuna mtu hatalala kwa raha. Nikamuuliza nililokaa nalo tangu darasa la nne, kama kweli alikuwa akimpenda yule Mwanya.

"Yule kijana?" Mama alicheka zaidi, akapangusa macho. "Hata sura yake sina. Mimi nilikuwa nampenda baba yako akinuna. Akinuna vile, mwanangu, nilijua nipo." Akanigusa goti. "Wewe mwenzangu umemwachaje? Kanuna?"

Nikamwambia nimemwacha na simu yake, na kaniagiza vitunguu.

Mama aliacha kucheka. Alijisogeza, akanipisha nafasi kwenye mkeka, akaniambia nivue viatu nikae naye kidogo, vitunguu vitanunuliwa.